Sura ya Tano: Kinachoingia na Kinachopatana

Januari 2017 Intel ilitoa prosesa ya Core i7-7700K pamoja na mazabodi za familia ya Z270 za kuipokea. Aliyenunua viwili hivyo mwezi ule alikuwa na kila sababu ya kudhani amejiwekea msingi wa miaka kadhaa. Oktoba ya mwaka huohuo kampuni ileile ikatoa i7-8700K, yenye kori sita badala ya nne. Soketi yake ilibaki na jina lilelile, LGA1151, na idadi ileile ya miguso, 1151. Prosesa mpya ilikaa ndani ya mazabodi ya zamani bila shida yoyote. Klipu ilifunga na kipoozeo kilishika. Kompyuta haikuwaka. Intel ilikuwa imepanga upya kazi za baadhi ya miguso, ikieleza kwamba kori sita zinadai umeme zaidi, na prosesa hizo zikatumika na mazabodi za mfululizo wa 300 peke yake. Baadaye watundu wa vifaa walionyesha kwamba ukibadilisha BIOS, programu ya msingi iliyo ndani ya mazabodi, na kuziba miguso michache kwa utepe, baadhi ya mazabodi za zamani huiendesha i7-8700K. Kwa sehemu kubwa, basi, kizuizi kilitokana na uamuzi wa kampuni.

Machi 2017, katikati ya matukio hayo mawili, AMD iliuza Ryzen za kwanza katika soketi ya AM4. Miaka mitano baadaye, Aprili 2022, ikatoa Ryzen 7 5800X3D kwa soketi hiyohiyo, prosesa yenye megabaiti 96 za kashe ya ngazi ya tatu ambayo katika michezo ilisimama bega kwa bega na prosesa ghali kuliko yenyewe. Mazabodi nyingi za 2017, hata za bei ya chini, ziliipokea baada ya kusasishwa BIOS. Njia haikuwa nyoofu. Mei 2020 AMD ilitangaza kwamba mazabodi za B450 na X470 hazitapata Ryzen 5000, ikitoa sababu kwamba chipu zinazohifadhi BIOS hazina nafasi ya kubeba data za prosesa zote za AM4. Wateja walipiga kelele, na mwezi huohuo kampuni ikageuza kauli. Sababu yenyewe haikuwa ya uongo: chipu nyingi zilikuwa na megabaiti 16 tu, na watengenezaji wengine walilazimika kuondoa prosesa kongwe kwenye orodha ili mpya zipate nafasi.

Soketi moja, bila kubadili umbo, ilikataa prosesa iliyokuja miezi tisa baada ya mazabodi yake. Nyingine ilikubali iliyokuja miaka mitano baadaye. Hakuna jicho, hata la fundi mzoefu, ambalo lingeitofautisha hali ya kwanza na ya pili kwa kuvitazama vifaa mezani. Umbo la plagi na tundu limebuniwa kuzuia maafa ya dakika ya kwanza, na kazi hiyo linaifanya vizuri kiasi. Kupatana kwenyewe kumo kwingine: katika programu iliyolala ndani ya mazabodi, katika mpangilio wa nyaya, katika idadi ya njia za data, na katika ahadi ambazo mtengenezaji ameziandika au amekataa kuziandika. Ndiyo maana nashikilia kwamba kuchagua vifaa vya kompyuta ya gemu ni kazi ya kusoma kabla ya kuwa kazi ya mikono. Kifaa kinachokataa kuingia hakimtii mtu hasara kubwa, maana hurudishwa dukani siku hiyohiyo. Hasara hutoka kwa kifaa kilichoingia, kikawaka, kisha kikafanya kazi chini ya uwezo wake kwa miaka bila kulalamika.

RAM inaonyesha pande zote mbili za jambo hili. Kijiti cha DDR4 na cha DDR5 vyote vina miguso 288, lakini pengo dogo lililokatwa katikati ya miguso liko mahali tofauti, kwa hiyo kimoja hakiingii katika tundu la mwenzake. Hapo umbo limemlinda mnunuzi asiyejua lolote. Akishapata kijiti cha aina sahihi, ulinzi huo unaisha. Kijiti cha DDR5 kilichoandikwa 6000 kwenye kasha lake kwa kawaida huanza kazi kwa kasi ya msingi ya 4800, au karibu na hapo, hadi mwenye kompyuta aingie kwenye BIOS na kuwasha wasifu unaoitwa XMP kwa Intel au EXPO kwa AMD. Wengi hawaingii kamwe. Wanalipia 6000, wanatumia 4800. Idadi ya vijiti nayo ina neno lake. Kijiti kimoja cha DDR4 cha kasi ya 3200 hupitisha gigabaiti 25.6 kwa sekunde. Viwili, vikiwekwa katika chaneli mbili tofauti, hupitisha 51.2. Gigabaiti 16 katika kijiti kimoja na gigabaiti 16 katika vijiti viwili vya nane nane husomeka sawa kwenye skrini ya Windows, na muuzaji atakwambia hakuna tofauti. Kwa anayetumia prosesa kama Ryzen 5 5600G, isiyo na kadi ya grafiki pembeni na inayochota kumbukumbu ya picha kutoka RAM hiyohiyo, tofauti ni kubwa mno: mchezo uleule unaweza kuchezeka au kukwamakwama kwa sababu hiyo tu. Tena, kwenye mazabodi yenye matundu manne, vijiti viwili kwa kawaida hukaa katika tundu la pili na la nne kuhesabu kutoka kwenye prosesa. Vikiwekwa la kwanza na la pili vinaingia vizuri, vinawaka, na vinashirikiana chaneli moja. Wala kujaza matundu yote manne si dawa: kwa Ryzen 7000, AMD huahidi kasi ya 5200 kwa vijiti viwili na 3600 tu kwa vinne.

Kuna atakayesema kwamba taabu hii imekwisha kutatuliwa. Tovuti kama PCPartPicker humruhusu mtu kuchagua vifaa vyake kimoja kimoja na kuonywa papo hapo kama prosesa haiendani na soketi, kama kadi ni ndefu kuliko kasha, au kama jumla ya wati imezidi uwezo wa pawa saplai. Hoja hii ina uzito, na anayejenga kompyuta kwa vifaa vipya bila kupitia huko anajinyima msaada wa bure. Lakini tazama inachokijua tovuti. Inajua mazabodi fulani inahitaji BIOS ya toleo fulani; haijui toleo lililomo ndani ya boksi ambalo limekaa kwenye rafu ya duka lako tangu mwaka juzi. Mwaka 2018 tatizo hili lilikuwa kubwa kiasi kwamba AMD iliwaazima wateja prosesa ya zamani ya kuwashia kompyuta, wasasishe BIOS, kisha wairudishe. Siku hizi mazabodi nyingi zina kitufe cha kusasisha BIOS kwa flashi ya USB hata bila prosesa ndani, na kwangu mimi kitufe hicho kina thamani kuliko taa zote za rangi wanazozipachika. Muhimu zaidi, tovuti hizo zimejengwa kwa ajili ya soko la vifaa vipya. Kompyuta nyingi za gemu za Afrika Mashariki hazianzii huko.

Zinaanzia kwenye kompyuta za ofisi zilizotumika: Dell OptiPlex, HP EliteDesk, Lenovo ThinkCentre, zilizomaliza muda wake katika kampuni za Ulaya na Marekani na kuletwa kwa makontena, ambazo Nairobi huuzwa kwa jina la ex-UK. Hesabu inavutia. Ndani kuna Core i5 au i7 ya kizazi cha sita au cha nane, RAM, diski na kasha, vyote kwa bei iliyo chini ya mazabodi moja mpya. Kinachobaki ni kuongeza kadi ya grafiki. Sina ugomvi na njia hii. Kwa mwenye fedha kidogo mara nyingi ndiyo bora. Lakini ni hapa ndipo dhana ya kwamba kinachoingia kinapatana huwagharimu watu zaidi.

Anza na umeme. Pawa saplai za kompyuta hizo huwa za wati 180 hadi 290 hivi, na mara nyingi hazina hata waya mmoja wa ziada wa kulisha kadi ya grafiki. Kadi inabidi iishi kwa umeme wa tundu lenyewe, ambao kikomo chake ni wati 75. Wazo la kubadilisha pawa saplai hugonga ukuta mwingine, kwani Dell na HP katika miundo mingi wameacha kiunganishi cha kawaida cha pini 24 na kutumia chao wenyewe, na katika makasha madogo hata umbo la pawa saplai ni la kwao. Ziko adapta za kuunganisha, na nyingine hufanya kazi, ila wakati huo mtu ameshaanza kutengeneza kompyuta tofauti na ile aliyodhani ameinunua. Kwa hiyo orodha ya kadi hujifinya yenyewe: GTX 1050 Ti ya 2016, GTX 1650 ya 2019 katika matoleo yasiyo na kiunganishi cha umeme, RX 6400 ya 2022, RTX 3050 ya gigabaiti 6 iliyotoka 2024. Kasha likiwa lile jembamba, lazima pia kadi iwe ya kimo kifupi, yenye bamba fupi la nyuma.

Sasa mnunuzi anaiona RX 6400. Inakula wati 53 tu, inapatikana kwa kimo kifupi, haihitaji waya, na ni changa kuliko GTX 1650. Kwa kila kipimo kinachoonekana, hii ndiyo kadi iliyoumbwa kwa ajili ya OptiPlex. Inaingia, inawaka, Windows inaitambua. Kinachofichika ni kwamba kadi hii, sawa na ndugu yake RX 6500 XT, ina njia nne tu za data, wakati GTX 1650 ina 16. Katika mazabodi ya PCIe 4.0 kila njia hubeba takriban gigabaiti 2 kwa sekunde, na njia nne zinatoa karibu 8. OptiPlex ya kizazi cha sita ina PCIe 3.0, ambako kila njia hubeba nusu ya hapo, na kadi inabaki na gigabaiti 4 hivi. Hilo lisingeumiza sana kama kumbukumbu ya kadi ingekuwa kubwa. Lakini ina gigabaiti 4 tu, na michezo ya leo huijaza upesi. Ikijaa, picha za ziada hukaa kwenye RAM ya kompyuta na kusafiri kupitia njia zilezile nne nyembamba, na fremu huporomoka ghafla, mchezo ukishtuka kila mchezaji anapogeuza macho. Mwenye kompyuta hulaumu mchezo, au draiva, au joto la Dar es Salaam. Tena chipu hiyo haina sehemu ya kusimba video, kwa hiyo anayetaka kurekodi anavyocheza huirudishia mzigo huo prosesa ya zamani ambayo tayari inahema. Kadi kongwe zaidi, iliyotengenezwa wakati wa PCIe 3.0 na kwa njia 16, inaweza kumfaa mtu huyu kuliko iliyo mpya. Hakuna tundu wala plagi itakayomweleza hivyo. Maelezo yamo kwenye mstari mmoja wa jedwali la vipimo, ule ambao watu huuruka wakikimbilia idadi ya gigabaiti.

Nimesema umbo hulinda dhidi ya maafa ya dakika ya kwanza. Kuna mahali ambapo hata hapo halilindi, na ni kwenye pawa saplai, kifaa ambacho wanunuzi hukipa makombo ya bajeti baada ya kadi na prosesa kushiba. Pawa saplai nyingi nzuri huja na nyaya zinazochomoka pande zote mbili. Upande unaoingia kwenye diski au kadi unafuata kanuni za pamoja. Upande unaoingia kwenye pawa saplai yenyewe haufuati kanuni yoyote: kila kampuni hupanga volti 12, volti 5 na waya wa chini inavyopenda, na kampuni moja inaweza kubadili mpangilio huo kati ya modeli zake. Plastiki ya plagi, hata hivyo, mara nyingi ni ileile. Mtu aliyebadilisha pawa saplai na kuacha nyaya za zamani mahali pake, kwa kuwa zilikwisha pangwa kwa unadhifu, anaweza kupeleka volti 12 kwenye sehemu ya diski iliyotarajia volti 5. Zinaingia bila kulazimishwa. Diski hufa papo hapo, na data zake nazo. Kanuni ya vitendo hapa ni fupi: pawa saplai ikibadilishwa, nyaya zake zote hubadilishwa nayo, na pawa saplai ya mtumba isiyo na nyaya zake halisi haifai kununuliwa hata kwa bei ya bure.

Kisa cha pili ni cha kadi kubwa. RTX 4090 ilitoka Oktoba 2022 ikiwa na kikomo cha wati 450 na kiunganishi kidogo cha pini 16, 12VHPWR, kilichokadiriwa kubeba hadi wati 600. Ndani ya wiki chache picha za viunganishi vilivyoyeyuka zilienea, na Nvidia ilieleza kwamba katika visa vilivyochunguzwa plagi haikuwa imesukumwa hadi mwisho. Maelezo hayo yaliwaudhi wengi, lakini yanathibitisha hoja hii: kiunganishi kilikuwa na hali ya tatu, ya kuingia nusu na kupitisha umeme wote. Mwaka 2023 umbo likarekebishwa kuwa 12V-2x6. Pini ndogo za kutambua zilifupishwa ili plagi isiyofika mwisho isipitishe umeme. Wahandisi wenyewe walilazimika kukiri, kwa milimita, kwamba plagi inayoonekana kuingia haikutosha.

Namba za wati nazo zinahitaji jicho kali. Kadi za kisasa hazivuti umeme kwa mkondo tulivu. Kwa sehemu ndogo sana ya sekunde zinaweza kuruka mbali juu ya wastani wake, na ndiyo maana kanuni ya ATX 3.0 ya 2022 inaitaka pawa saplai istahimili hadi mara mbili ya uwezo wake kwa mikrosekunde 100. Pawa saplai ya zamani yenye wati za kutosha kwa hesabu ya kujumlisha inaweza kujizima mchezo unapopamba moto, kwa kuwa mlinzi wake wa ndani ameona mruko na kudhani ni shoti. Upande wa pili kuna pawa saplai za bei poa ambazo namba kubwa kwenye kibandiko ni mapambo. Kipimo cha haraka ni kusoma ampea za volti 12, maana prosesa na kadi hulishwa kutoka huko: kikisema ampea 25, hapo kuna wati 300, hata kama boksi limeandikwa 500 kwa herufi za dhahabu. Alama ya 80 Plus husaidia, lakini inapima upotevu wa umeme tu; haisemi lolote kuhusu ulinzi. Na kwa nchi zetu za volti 230 na 240, pawa saplai iliyotoka Marekani ikiwa na swichi nyekundu nyuma ikaguliwe kabla ya kuchomekwa ukutani. Ikiwa imeachwa kwenye 115, haitatoa nafasi ya pili. UPS nayo isomwe kwa makini: zile zinazotoa wimbi la ngazi badala ya wimbi laini huweza kuifanya pawa saplai ya kisasa izime wakati umeme unakatika, yaani wakati uleule ambao UPS ilinunuliwa kwa ajili yake.

Kuhusu kasha na upoozaji kuna machache ya kusema, kwani hapa rula inatosha. Pima urefu wa kadi, pima kimo cha kipoozeo. Noctua NH-D15 yenye milimita 165 haifungi mlango wa makasha mengi. Angalia pia mashimo ya kufungia: Intel ilipohamia LGA1700 mwaka 2021 ilisogeza mashimo kutoka milimita 75 hadi 78, tofauti ndogo inayotosha kukifanya kipoozeo cha zamani kihitaji bano jipya, ilhali AMD ilipohamia AM5 mwaka 2022 iliacha vipoozeo vingi vya AM4 viendelee kutumika.

Jambo linalobishaniwa zaidi vijiweni ni lile la prosesa kuibana kadi, au kadi kuibana prosesa. Ziko kurasa zinazodai kulipima kwa asilimia: weka jina la prosesa, weka jina la kadi, upewe namba. Namba hizo hazina maana, na sababu yake ni rahisi kueleza. Prosesa huandaa kila fremu: nani yuko wapi, risasi imefika wapi, nini kichorwe. Kadi huichora. Kuongeza ukubwa wa picha kutoka 1080p hadi 4K huongeza kazi ya kuchora mara nne kwa idadi ya nukta, lakini kazi ya kuandaa hubaki karibu ileile. Vifaa vilevile viwili, basi, vinaweza kuwa na prosesa inayobana katika Counter-Strike kwa 1080p na kadi inayobana katika Cyberpunk 2077 kwa 4K. Kipimo cha kweli hakihitaji ukurasa wowote: punguza ukubwa wa picha ndani ya mchezo. Fremu zikipanda, kadi ndiyo iliyokuwa imelemewa. Zikibaki palepale, ni prosesa. Mtu anapaswa kujua jibu hilo kabla ya kutoa fedha ya kifaa kipya.

Walakini wapo wanaofika mbali zaidi na kusema kwamba kadi yenye nguvu haijawahi kumdhuru mtu, kwani hata ikibanwa leo itangojea prosesa ya kesho. Kwa kawaida wako sahihi. Lakini Intel Arc B580 iliwapa somo. Ilitoka Desemba 2024 kwa dola 249 na gigabaiti 12 za kumbukumbu, na majaribio ya kwanza, yaliyofanywa kwa prosesa za hali ya juu, yaliisifu kama kadi ya watu wa kipato cha kati. Januari 2025 wapimaji walipoiunganisha na prosesa za zamani ambazo watu hao kweli wanazo, fremu katika michezo kadhaa zilishuka zaidi kuliko zilivyoshuka za kadi shindani za bei hiyo, kwa sababu draiva yake huipa prosesa kazi nyingi zaidi. Intel huitaka pia mazabodi yenye uwezo wa Resizable BAR, jambo linaloziacha nje kompyuta nyingi za kabla ya kizazi cha kumi cha Core. Kadi ya bei nafuu ilimfaa zaidi mwenye kompyuta ghali.

Usisahau skrini, maana ndiyo inayoamua kama fedha nyingine zote zitaonekana. Monita ya Hz 60 huonyesha picha mpya kila milisekunde 16.7, ya Hz 144, kila 6.9. Ukiichomeka ya pili kwa waya wa HDMI kwenye tundu la mazabodi badala ya tundu la kadi, au ukiiacha Windows kwenye Hz 60 ilizochagua yenyewe, unaweza kuona picha nzuri, na kadi uliyoilipia itakuwa imekaa bure nzima au nusu.

Halafu kuna programu, ambako kupatana kunaweza kufutwa baada ya ununuzi. Windows 11 ilipotoka Oktoba 2021 ilidai TPM 2.0, sehemu ya usalama ya kompyuta, na orodha ya prosesa zinazokubalika ikaanzia kizazi cha nane cha Core na Ryzen 2000. Mwenye i7-7700K, yule aliyefungiwa mlango na mazabodi yake miezi tisa baada ya kununua, akafungiwa mara ya pili. Msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Mchezo kama Valorant, ukiwa kwenye Windows 11, haufunguki bila TPM 2.0 na Secure Boot. Mwenye Ryzen ya kwanza alifungiwa pia kwa orodha hiyohiyo, lakini yeye aliweza kuchomoa prosesa yake, akaweka ya 2020 katika mazabodi ileile ya 2017, na kuendelea.

Pingamizi la mwisho ni la wale wanaouliza kwa nini mtu asinunue PlayStation 5 na kuachana na maswali haya. Asiyetaka kusoma majedwali afanye hivyo kwa amani: Sony imekwisha kuyasoma kwa niaba yake, na bei inajumuisha kazi hiyo. Anachokiacha ni haki ya kubadilisha sehemu moja bila kubadilisha zote, na haki hiyo ina thamani kulingana na mazabodi. Kwa anayenunua sasa uamuzi hauko wazi kama ulivyokuwa. AM5 inakubali DDR5 pekee, na AMD imeahidi kuiendeleza hadi 2027 na kuendelea. LGA1700 ina mazabodi za DDR4 na nyingine za DDR5, lakini safari yake iliishia kizazi cha 14, na mwaka 2024 Intel ikahamia LGA1851. Kwa kawaida ningemwelekeza mtu AM5 bila kusita. Lakini mwishoni mwa 2025 bei ya RAM ilipanda kwa kasi, vituo vya akili bandia vikinunua chipu kwa wingi, na vijiti vya DDR5 vikawa mzigo mkubwa katika bajeti. Mwenye vijiti viwili vya DDR4 tayari, au anayeweza kuvipata vya mtumba, anaweza kuchukua mazabodi ya B550 na Ryzen 5 5600, akijua kwamba AM4 iko ukingoni mwa safari yake na kwamba ngazi kubwa iliyobaki juu yake kwa michezo ni prosesa za X3D. Ahakikishe tu, kabla ya kulipa, kwamba muuzaji amemwonyesha toleo la BIOS kwenye skrini, na si kwenye boksi.